Jino la Mpiga Klarineti

Mume wangu Honorio hajui kutulia. Tangu daktari Itandehui amtie dawa kwenye jino na kumkataza klarineti kwa wiki mbili, alizunguka uani mpaka kuku wakamkimbia. Vidole vyake vilipiga nyimbo juu ya meza, juu ya goti, hata juu ya bega langu nikikanda unga wa mahindi.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu, lile linaloegemea klarineti. Mzizi ulikuwa umejaa usaha. Mara ya kwanza daktari aliusafisha akatia dawa nyeupe ya kawaida, usaha ukarudi. Safari hii akatia dawa waliyokuwa wakiijaribu chuoni kwao, mjini Oaxaca, yenye chembe za madini ya fedha, ndogo mno hazionekani kwa macho.

"Vijidudu vimejificha kwenye vitundu vya ndani ya mzizi," alimwambia. "Chembe hizi zinavifuata hukohuko. Lakini kiziba hiki ni cha muda, mzee wangu. Ukipuliza, kitachomoka, mate yataingia, na hapo sina budi kung'oa."

"Na nikikosa jino?"

"Utajifunza ngoma."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Sikukuu ya mtakatifu wa kijiji chetu iliangukia ndani ya wiki hizo hizo, na tangu utotoni hajawahi kukosa kupiga na bendi siku hiyo.

Maumivu yalipokwisha ndipo balaa ilipoanza.

"Zenaida, limepona kabisa. Wimbo mmoja tu."

"Mmoja wa nini? Mtu mzima hovyo! Ukibaki pengo, usije kunililia hapa."

Sikumwamini hata kidogo. Nikachomoa kipulizio, kile kipande cheusi kinachoingia mdomoni, nikakifukia kwenye gunia la maharagwe. Kila alipopita karibu na gunia nilijitia kuchambua maharagwe.

Siku ya sikukuu, mwalimu Fortino, kiongozi wa bendi, alikataa kumpa mtu mwingine nafasi ya Honorio. Walipofika pale klarineti inapopiga peke yake, wote walinyamaza, ikabaki ngoma ikihesabu. Honorio alisimama kando ya kanisa, kichwa chini. Nilimchukia daktari, nikajichukia na mimi. Nusura nikimbie nyumbani nikafukue maharagwe.

Wiki mbili zilipotimia daktari alifungua jino, akachukua kipimo cha kupeleka maabara kuona kama vijidudu vitaota, akalifunga tena. Baada ya siku chache akatuita.

"Hakuna kilichoota," alisema, akatabasamu kama aliyeponywa yeye. Akauziba mzizi, safari hii moja kwa moja. "Nenda kapige, mzee."

Nje ya kliniki nikaona nitubu kabla hajafika nyumbani kuitafuta klarineti.

"Honorio, usikasirike. Kipulizio chako nilikificha mimi."

"Najua," akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kingine. "Hiki alinipa mwalimu, mkesha wa sikukuu. Klarineti yangu nilikuwa nimeipeleka kwa siri nyuma ya madhabahu, imeunganishwa tayari. Aliniambia niamue mwenyewe."

"Kwa hiyo siku ile, wakati wamenyamaza..."

"Nilikuwa nimekishika mfukoni, Zena. Nilikishika mpaka wakaanza tena."

Nilimtazama huyu mtu niliyemchunga kama mtoto, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.