Mstaarabu Karudi Kwenye Picha ya Pili

Watu wanadhani kuonyesha picha mbili kwa mpigo ni kuokota hii na ile, basi. Mdomo angewacheka mpaka mbavu zimuume. Jina la Mdomo hakupewa bure: ndiye aliyekaa pembeni ya skrini kwenye ukumbi wa video wa mtaani, na kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu picha za Jasusi, na picha hizo bwana zilianza kutengenezwa mama yake akiwa binti. Jasusi ni yuleyule, ila kila baada ya muda anabadilishwa sura. Sasa hebu waambie watu waliolipa kiingilio kwamba huyu mwenye taya kama tofali ndiye yule mwembamba wa Jumamosi iliyopita. Watakutoa nje wewe na skrini yako.

Kwa hiyo Mdomo akawaundia ukoo. Yule mwembamba wa zamani walimwita Mstaarabu, kwa sababu alikuwa anavua kofia na kuwaamkia wazee kabla ya kuwapiga risasi. (Kofia ilikuwa yake, kuamkia alitiliwa na Mdomo.) Yule wa taya, Ngumi, akawa mtoto wa kaka yake. Ndiyo maana siku zote Mstaarabu alianza na Ngumi akafuata. Mtoto hamtangulii baba yake mdogo.

Ukoo ulikwenda vizuri mpaka siku diski ilipogoma. Mstaarabu ananing'inia darajani kwa mkono mmoja, diski inakwaruza, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mtu mwingine angerudisha viingilio. Mdomo alishusha sauti tu, "Na hapo, jamaa zangu, ndipo tulipompoteza," akazima.

Ukumbi mzima uliinamisha vichwa. Aliyelia kuliko wote ni Mama Mwenye Nyumba, mwenye jengo lenyewe, ambaye kiti chake kilikuwa cha mbele kabisa. Hakukanyaga tena. "Nije kumwangalia nani?" alisema, na mtaa ulimwelewa. Mumewe naye alitoka asubuhi moja na begi, akasema anasafiri kikazi, ndiyo mpaka leo. Mtaa ulijua kwamba kazi yenyewe iko ng'ambo ya stendi, inasuka nywele za watu na imeshamzalia watoto. Mama tu ndiye ambaye hakuambiwa. Nani aende akamfunge paka kengele?

Basi akatokea Muuza Magodoro, anataka ukumbi uwe stoo yake. Mama akamwita Mdomo pamoja na dada yake, ndiye aliyekaa mlangoni kukata tiketi.

"Wanangu, magodoro hayapigi kelele," akaanza.

"Mama, na sisi tukale wapi?" Dada akauliza.

"Ndiyo maana nimewaita. Jumamosi nakuja mwenyewe. Nikitoka roho kwatu, mnabaki. Nikitoka nimenuna, mpisheni mwenzenu."

Mdomo alizipanga picha mbili za Jumamosi hiyo kama mtu anayetafuta mchumba wa mwanawe. Ya kwanza, Mstaarabu bado kijana, anacheka, hakuna daraja hata moja. Mama amwone mtu wake akiwa na afya. Ya pili, Ngumi mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni, ambapo mtoto angelipa kisasi cha baba yake mdogo. Kama hamna kisasi, kitatiwa.

"Hiyo ya pili umeiangalia?" Dada akauliza.

"Nikiangalia kabla, ulimi unalala. Lini umeniona naangalia?"

"Ndicho ninachoogopa hicho."

Jumamosi mchana Mama akaja, kajitanda vizuri, mto wake wa kukalia kwapani. Muuza Magodoro naye akaja, mkononi futi kamba, anapima ukuta huku anatabasamu. Picha ya kwanza ilipita kama uji wa mgonjwa. Mstaarabu alipovua kofia, Mama alisema "Marahaba" kwa sauti, na Mdomo akamkonyeza dada yake mlangoni: tumepona.

Ya pili ikaanza. Ngumi akapiga watu, akavunja magari, akafika kwenye nyumba moja msituni, bastola mkononi.

"Anakwenda kaburini kwa baba yake mdogo," Mdomo akatafsiri, sauti imejaa majonzi, "akaape..."

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mwembamba mwenye mvi kichwa kizima. Akavua kofia.

Loo! Kumbe waliotengeneza picha walimrudisha yule wa zamani, aje kumsalimia mwenzake, na dunia nzima ilijua isipokuwa Mdomo.

Mama alisimama. "Simamisha hapo! Wewe, huyu si ulimzika?"

Mdomo akasimamisha. Jasho lilimtoka mpaka kipaza sauti kikateleza. Dada akamnong'oneza kutoka mlangoni, "Sema ukweli, yaishe."

Akausema. "Mama, hawa ni waigizaji. Mmoja akizeeka, analetwa mwingine. Hakufa. Siku ile diski iligoma."

Ukumbi ulilipuka. "Muongo!" "Miaka yote unatuambia vizuri, leo ndiyo unaanza uongo?" "Ngumi asiwe na ukoo, kaokotwa?" Muuza Magodoro akarefusha futi kamba yake mpaka kwenye dirisha.

Mama hakupiga kelele. "Mimi nililia," alisema. "Nililia kwa ajili ya diski?"

Mdomo alimtazama, akaona kwamba ukweli umeshafika mwisho wake, na mbele yake kuna magodoro tu.

"Mama," akasema taratibu, "jasusi kazi yake ni nini? Ukimwona jasusi kafa mbele za watu, ujue yuko kazini. Alijificha. Nami niliapishwa."

"Kwa nini asilete hata salamu?"

"Salamu ingekutia wewe hatarini. Kunyamaza kwake ndiko kulikokulinda."

Mama akakaa. "Mwache aseme basi."

Picha ikaendelea. Yule mzee alikuwa anamwelekeza Ngumi mahali alipoficha gari, lakini kilichosikika ukumbini ni hiki: "Mwanangu, kuna mama mmoja alinililia. Mfikishie salamu zangu."

Picha ikaisha. Mama alitoka macho yamemwiva lakini uso unang'aa, akamgeukia Muuza Magodoro. "Mwanangu, tafuta kwingine. Hapa pana watu." Kisha akamshika Mdomo mkono.

"Hawa wa kazi za siri, huwa wanarudi?"

Dada akafunga macho. Mdomo akainama kuutafuta waya wa kipaza sauti.

"Umeapishwa, nimekuelewa," Mama akajijibu. "Kile chumba cha nyuma msiweke viti vyenu. Nitakipaka rangi, niweke kitanda. Mume wangu naye anaweza kufika bila hodi." Akacheka kidogo. "Na godoro nitalichukua kwako, baba, usinune."

"Godoro?" Muuza Magodoro akashangaa. "La mumeo? Lakini mama, huyo si juzi tu nimempelekea la kwake, kule ng'ambo ya sten..."

Mdomo alishamvaa shingoni kama ndugu aliyepotea. "Kaka yangu! Njoo Jumamosi, njoo kila Jumamosi, kiti cha mbele, bure! Unajua huyu Ngumi ana mjomba muuza magodoro?"