Aya Isiyokanwa

Jumanne saa nne asubuhi, fundi wa miwani alikuwa anatia skrubu kwenye mkono wa miwani ya mwalimu mmoja wa hesabu, skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta, tarishi wa mahakama alipoingia dukani na kumuuliza kama yeye ndiye mdaiwa.

"Mimi ni fundi," alisema.

"Basi ni wewe. Tia sahihi hapa, dada."

Hati ilisema anadaiwa na kampuni ambayo hakuwahi kuisikia. Kampuni hiyo ilikuwa imelinunua deni lake kutoka kampuni nyingine, nayo ililinunua kutoka benki. Lilikuwa deni la kadi ya mkopo, na kila kitu kilichodaiwa kununuliwa kwa kadi hiyo kilikuwa na aya yake. Fundi aliikumbuka kadi. Miaka sita nyuma aliitumia mara moja tu, kununua mashine ya kuchonga lenzi, akalipa mpaka senti ya mwisho, kisha akaikata kwa mkasi vipande vinne. Mashine yenyewe ilikuwa nyuma yake pale dukani, na ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Hati ilisema asipojibu ndani ya siku kumi na nne, mahakama itaamua bila yeye, na dalali atakuja kuchukua chenye thamani. Katika duka lile chenye thamani kilikuwa kimoja.

Skrubu ilimponyoka, akaitafuta sakafuni kwa nusu saa.

Alikuwa akiishi na baba yake, aliyekuwa karani wa masijala ya ardhi kwa miaka thelathini na moja. Mzee alikuwa amestaafu, ila ukarani haukumstaafu. Aliisoma hati mara mbili, mara ya pili kwa rula.

"Mwanangu, usihangaike kwenda kumlilia mtu. Hii inajibiwa aya kwa aya. Aya isiyokanwa imekubaliwa."

"Lakini Baba, vitu hivi sikununua. Tarumbeta ya nini mimi?"

"Ndiyo ukane. Andika: mdaiwa anakana aya ya tatu."

Aliandika. Wino ulipokauka, tarumbeta ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake, pamoja na kile kipakiti cha kuzuia unyevu. Mzee aliitazama kidogo.

"Aya ya nne," alisema.

Aya ya nne ilikuwa viti vya plastiki hamsini. Vilijaa ukumbini, vingine vikatoka mpaka mlangoni. Jirani alipopita aliuliza kama ni harusi au msiba, ajue avae nini. Aya ya tano ilikuwa vazi la mpiga mbizi, saizi ya mtu mzito. Lilining'inia kwenye mlango wa jikoni, likidondosha maji ya chumvi, na fundi akaweka ndoo chini yake.

Kisha akaweka na kalamu chini.

"Baba, tukiendelea hivi ushahidi wao wote utakuwa humu ndani."

"Na tukiacha, tumekubali."

"Tukikubali wanabeba mashine. Tukikana wanakuta mali sebuleni. Sasa nafuu iko wapi?"

Mzee alifikiri. "Huku kwa kukana angalau hatusemi uongo."

Fundi akaona hilo nalo ni neno. Akaendelea.

Aya ya sita ilikuwa chakula cha watu wanane hotelini. Watu wanane walikuwa wameketi kwenye viti, wameshiba. Mmoja alikuwa akichokonoa meno, na mama mmoja mnene alikuwa amelegeza mkanda. Waliuliza nani aliyewaalika ili wamshukuru. Fundi aliwaambia si yeye. Wakasema hata hivyo kuku alikuwa laini, wakasaidia kupanga viti kando ya ukuta, wakaondoka kwa adabu kuwahi basi.

Aya ya saba ilikuwa riba.

"Hiyo ikane polepole," mzee alionya.

Aliikana polepole, lakini riba ni riba. Tarumbeta ilizaa tarumbeta mbili ndogo, na viti vikawa themanini na kimoja. Vazi la mpiga mbizi lilipata kaptura ya mtoto.

Siku ya tisa fundi alipeleka majibu yake masijala ya mahakama, nakala tatu. Karani wa dirishani alizihesabu, akagonga muhuri.

"Umekana kwa wino wa bluu?"

"Ndiyo."

"Wa bluu huleta palepale. Ungetumia mweusi, huchukua siku mbili, unapata nafasi ya kupanga nyumba."

"Mbona hamkuandika kwenye fomu?"

"Tuliandika," alisema karani. "Nyuma."

Siku ya kusikilizwa kesi, fundi na mzee walifika mapema wakakaa kwenye benchi la korido. Wakili wa kampuni naye alikuwepo, kijana mwenye mkoba mkubwa. Miwani yake ilikuwa inamporomoka puani kila alipoinama. Fundi alivumilia kwa dakika ishirini, kisha akashindwa.

"Hebu lete hiyo miwani, kaka."

Alitoa bisibisi yake ndogo mfukoni, akakaza mkono wa kushoto. Wakili akashukuru sana. Kisha wakaitwa ndani, naye akaomba mahakama imuamuru fundi alipe deni, riba na gharama.

"Mkataba uko wapi?" aliuliza hakimu, mwanamama mwenye sauti ya chini.

"Uko kwenye mfumo, mheshimiwa."

"Na mfumo uko wapi?"

"Mfumo uko chini, mheshimiwa."

Hakimu aliandika kwamba mfumo uko chini. Wakili akasema mkataba si lazima, kwa sababu vitu vyote vilivyotajwa vimo nyumbani kwa mdaiwa, na mtaa mzima umeviona.

Fundi alisimama.

"Vimo, mheshimiwa. Siwezi kusema havimo. Ila vilikuja baada ya mimi kuvikana. Kadi niliitumia kwa mashine tu, na mashine nililipa. Risiti hii hapa."

Risiti ilikuwa imepauka, lakini mzee alikuwa ameihifadhi kwenye faili lenye namba.

"Mali inayokuja kwa kukanwa si ushahidi," alisema hakimu bila kuinua kichwa. "Nimeshalisema hili mara tatu wiki hii. Jana bibi mmoja alikana injini ya meli, sasa hana pa kuanikia nguo. Mdai hana mkataba, hana sahihi. Kesi imefutwa."

Fundi alimshika baba yake mkono kama alivyokuwa akiushika akiwa mdogo, na mzee akajifanya ana mafua.

Koridoni walimkuta wakili yuko kwenye simu. Alipomaliza, aliwatabasamia.

"Hongera, dada. Nimeshaliuza."

"Umeuza nini?"

"Deni."

"Deni gani, na hakimu amelifuta?"

"Amefuta kesi. Deni hajaligusa. Amesema tu nimeshindwa kulithibitisha, na kuuza hakuhitaji kuthibitisha." Alisukuma miwani yake puani kwa mazoea, ingawa haikuwa imeshuka. "Ningekuwa wewe, ningenunua kalamu nyeusi."

Waliuza viti nusu kwa mkodishaji wa mahema. Tarumbeta ndogo walizigawa shuleni, na mtaa ukakosa utulivu kwa wiki tatu. Wiki ya nne, tarishi yuleyule aliingia dukani na hati mpya, ya kampuni mpya. Orodha ilikuwa ileile, na chini yake imeongezwa aya moja: huduma za wakili katika kesi iliyotangulia.

"Aya isiyokanwa," alianza mzee.

"Najua, Baba."

Aliikana kwanza hiyo ya mwisho, kwa wino wa bluu, maana ndio uliokuwepo. Wakili yuleyule akawa amesimama kati ya meza na dirisha, mkoba mkononi. Aliwaamkia. Mzee alimpa kiti na kikombe cha chai, kisha akamsogezea hati. Wakili aliisoma yote akilamba kidole kila ukurasa.

"Hawa hawana mkataba," alisema kwa masikitiko. "Watu wengine hawana haya."

Aliwaandikia majibu mazuri sana, yenye vifungu vya sheria, akamaliza saa kumi jioni. Kisha akafungua kijitabu cha ankara, akaandika ada yake, akaichana karatasi na kuiweka mezani mbele ya fundi, akauliza watalipa taslimu au kwa kadi.