Alumini ya Heshima

Jumatano saa tisa ya mchana, Magloire alikuwa ameshavunja freze mbili, na sifa zake mjini zilikuwa njiani kuzifuata.

Freze ni kile kijino cha chuma kinachozunguka na kula. Si kinene kuliko msumari wa bati, lakini bila hicho mashini ya kuchonga ni meza tu yenye nyaya nyingi. Mashini yenyewe iliagizwa na mjomba wake, Grégoire, ikaja kutoka Kalemie juu ya kamio, lori la mizigo, imefungwa blanketi tatu kama bibi harusi mwenye homa. Unaiandikia kazi kwenye ordinatere, yaani kompyuta, unabonyeza, inachonga yenyewe. Kasongo nzima ilikuja kuitazama. Kisha Kasongo nzima ikarudi nyumbani, maana ilikuwa inachonga mbao za mlangoni tu, na ubao ulioandikwa "Karibu" mtu anauhitaji mara moja katika maisha yake, na wengine hawapendi wageni.

Ndiyo sababu mjomba alikuwa ametoa siku ya mwisho.

"Ijumaa kamio ya Kindu inapita," alisema. "Kule iko seremala mwenye anaitaka mashini hii tangu Pasaka. Kama mpaka Ijumaa haijafanya kazi ya maana, inapanda. Na mimi sitalia."

"Mujomba, kazi iko. Kazi ya Mama Euphrasie."

"Basi niione."

Kazi ilikuwepo kweli. Mama Euphrasie alikuwa na mashini ya kukoboa mpunga kwenye barabara ya Nyangwe, na katikati ya mavuno plaki, kibao cha chuma kinachoshika rulman, ile pete ya gololi, ilipasuka vipande viwili. Wanawake wa mtaa mzima walirudi kwenye vinu, na kila walipotwanga walilitaja jina lake, si kwa kumwombea. Akaileta plaki ile katika kitambaa. Tobo moja kubwa katikati, madogo manne pembeni. Magloire aliitazama, akasema inawezekana, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajajua.

Alumini ilitoka kwa Mzee Alimasi, myeyushaji wa sufuria nyuma ya soko. Huyo hukusanya vyombo vilivyotoboka na moteri zilizokufa, anaviyeyusha, anavimwaga kwenye mchanga, na nusu ya Kasongo inakula wali uliopikwa ndani ya kazi yake. Alimwagia Magloire vipande bapa vitatu, unene wa vidole viwili: viwili vya kujaribu, kimoja cha kazi yenyewe.

Jumatatu, kipande cha kwanza. Mashini ilishuka, ikaimba, na chembe kavu za alumini zikaruka kama mchele unaopepetwa. Tobo likatoka la mviringo hata mjomba akaingiza kidole na kukizungusha mara tatu. Jumanne, kipande cha pili, mambo yaleyale. Magloire alilala usingizi wa waziri.

Jumatano akafunga kipande chenyewe. Programu ileile. Saa mbili ileile ya asubuhi. Grupe ileile, jenereta ya umeme, inakohoa vilevile. Freze ikaingia, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na alumini badala ya kuruka ikalainika, ikajizungusha, ikaishika freze kama bukari, ugali mzito, unavyoshika mwiko. Tak. Nusu ya freze ikabaki ndani.

Akafunga ya pili, akapunguza mwendo, akaongeza mafuta ya mawese ili kitu kiteleze. Moshi ukajaa karakana. Mpita njia mmoja akachungulia akauliza mikate ya kukaanga ni bei gani. Tak.

Wakati huohuo pikipiki ilisimama nje, na Mama Euphrasie akaingia akinusa.

"Magloire, unachonga ao unakaanga?"

"Mama, alumini imekataa."

"Imekataa namna gani? Juzi ulinionyesha tobo."

"Juzi ilikubali."

"Na leo?"

"Leo imekataa."

Mama Euphrasie alikitazama kipande, akamtazama Magloire. "Ni mutu, hiyo alumini? Ilikukubali, imekukataa. Ungelipeleka mahari kwanza."

Alipoondoka, Magloire alikaa juu ya bidoni tupu ya mafuta akaanza kutafuta mkosaji. Mjomba alisema ni petroli, ile inayopita mikono mingi kabla ya kufika na kila mkono unaongeza maji. Lakini taa haikuwa imetetemeka hata mara moja. Joto? Asubuhi ilikuwa na ukungu. Akafungua ordinatere, akaisoma programu mstari kwa mstari, na kila mstari ulimtazama kwa uso wa mtoto asiye na kosa. Akaandika kwenye karatasi kila kilichokuwapo Jumatatu na Jumanne lakini hakikuwapo Jumatano. Baada ya saa nzima karatasi ilikuwa na kitu kimoja: shati la buluu.

Alhamisi akavaa shati la buluu. Hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Lilimjia tu mwilini, baada ya kulitafuta nusu saa.

Freze ilibaki moja. Nyingine zingetoka Kalemie, wiki mbili kama barabara ina roho nzuri, na kesho kamio. Akaenda kwa Mzee Alimasi kuomba kipande kingine, huku amebeba kile kilichotafunwa, bila kujua anachoomba kitakuwa na tofauti gani.

Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, kofia yake ya swala imesukumwa nyuma ya kichwa.

"Injiniere," alisema bila kugeuka, "naona unatembea kama mutu mwenye amefiwa."

"Muzee, imevunja freze zangu mbili."

Alimasi akakipokea kipande, akakigeuza kwenye jua, akasikitika. Si kwa ajili ya freze. "Angalia ulivyoiharibu. Alumini nyeupe namna hii. Wajua nilitoa wapi? Sufuria ya zamani ya watawa, ile haiwezi kupatikana tena. Niliiweka miaka miwili. Nikasema, hii kazi ya Mama Euphrasie itaonekana na watu, acha nimupe huyu mutoto kitu cha heshima."

Magloire alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. Kisha la pili likaamka.

"Na ile ya Jumatatu, Muzee?"

"Ile? Ile haina maneno. Ulisema ni ya kujaribu."

"Ilitoka wapi?"

"Pistoni. Pistoni za pikipiki, zile wanaleta kutoka Salamabila. Nyeusi, ngumu, chafu. Sufuria ya pistoni ukiangusha inapasuka kama sahani. Siwezi kupikia ndani hata chakula cha mbuzi."

"Na ya Jumanne?"

"Pistoni. Nitakupaje nyeupe kwa kujaribu, mimi ni wazimu?"

Magloire alisimama pale. Kichwani mwake kitu kilikuwa kinajaribu kukaa sawa na kinateleza. Nyeupe, laini, nzuri kwa sufuria. Nyeusi, ngumu, ya kupasuka. Na mashini yake, iliyosafirishwa kwa blanketi tatu, ilikuwa inapenda takataka.

"Muzee," alisema taratibu, "nipe ya pistoni."

"Ya kujaribu tena?"

"Ya kazi."

Alimasi akaweka koleo chini. "Apana."

"Muzee, ile laini inashika freze. Ngumu inavunjika vipande vidogo, inaruka. Ndio maana—"

"Mimi nimeyeyusha alumini kabla baba yako hajaoa. Sasa plaki nyeusi, yenye vitundu, inakaa kwenye mashini ya Mama Euphrasie, kila mwanamuke mwenye kuleta mpunga anaiona. Watauliza, nani alimwaga hii? Watasema Alimasi. Unataka watu waniseme sokoni?"

"Sasa watanisema mimi. Kesho mashini inapanda kamio."

Mzee alimpa mgongo. Akachukua kijiti, akachokoa moto usiohitaji kuchokolewa.

"Ile nyingine nyeupe iko," alisema mwishowe. "Nilitengeneza viwili. Nitakupa pistoni, lakini nakuja mwenyewe, na nyeupe naileta. Ikishindwa hiyo takataka yako, utachonga ya heshima mbele ya macho yangu."

"Freze iko moja tu, Muzee. Ikishindwa hakuna ya pili."

"Basi isishindwe," alisema Alimasi, kana kwamba hilo lilikuwa jambo la kuamua.

Saa nane walikuwa karakana: mjomba Grégoire mlangoni, Alimasi amekumbatia kipande chake cheupe kifuani kama cheti cha ndoa, Magloire kwenye ordinatere na shati lake la buluu limelowa mgongoni. Akabonyeza.

Freze ikagusa. Ikalia kidogo. Kisha ikaimba.

Chembe kavu, za kijivu, zikaanza kuruka. Tobo dogo la kwanza. La pili. La tatu. Kwenye tobo kubwa mashini ikabadilisha sauti, na Magloire akaweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, asijue kama kubonyeza ni kuokoa au kuua. Hakubonyeza. Sauti ikarudi. Kiduara cha katikati kikaanguka na kugonga meza.

Plaki ilikuwa mbaya. Hata Magloire aliona: ya kijivu, ina vitundu kama ndui. Akachukua rulman ya Mama Euphrasie, akaiweka juu ya tobo, akaigonga na kipande cha mbao. Ikaingia, ikakaa.

Mjomba aliizungusha kwa kidole. "Kwa hiyo nzuri ni mbaya, na mbaya ni nzuri?"

"Kwa sufuria, apana. Kwa freze, ndiyo."

"Sasa mutu atajuaje?"

"Hata mimi najua tangu leo asubuhi."

Alimasi aliitazama plaki, kisha akaitazama nyeupe yake, kama mtu aliyesikia kwamba binti aliyemlea vizuri ndiye aliyekataliwa. "Usiseme ni mimi nilimwaga," alisema akitoka.

Ijumaa kamio ya Kindu ilipiga honi mara mbili mbele ya karakana. Mjomba Grégoire alitoka na blanketi tatu mkononi, akasimama, akasikiliza. Kutoka upande wa barabara ya Nyangwe mashini ya kukoboa ilikuwa inanguruma. Alimwashiria dereva apite. Blanketi akazirudisha ndani, akaifunika mashini nazo, ingawa jua lilikuwa kali.

Jioni Alimasi akarudi. Alikuwa amebeba sufuria mpya, nyeupe hata ukiangalia unafumba macho, iliyoyeyushwa kutoka kwenye kile kipande kilichotafunwa. Akamkabidhi Magloire kwa mikono miwili.

"Hii hakuna mutu atasema ni mbaya," alisema.

Ndani kulikuwa na kitu kinachogongana. Magloire akafunua kifuniko: ncha mbili za freze zilizokuwa zimebaki ndani ya kile kipande, zimeoshwa na kufutwa vizuri. Akabaki amezishika kiganjani, asijue kama ameombwa radhi au amesutwa, na Mzee alikuwa ameshafika kona.