Mtoto Analilia Jina

Wenzangu mlio na vichanga, sikieni, msije mkafanya kama sisi. Mchana nimejilaza na mwanangu kifuani, hana jina bado, analia tangu juzi na ziwa halitaki, na huko barazani wanagombana juu yake. Mama mkwe anasema, huyo analilia jina, mpeni la marehemu mama yangu, Mwantumu, mtaona kama hatanyamaza. Wifi yangu Saumu anacheka, Mwantumu! Mtoto atambae na mkongojo? Mume wangu anasema, basi tuandike Mwanatumu, ndiyo lina heshima. Wifi anasema, afadhali Tumy, na y mwishoni, angalau la kisasa. Naogopa kuchekwa, naogopa kumuudhi mkwe, na usingizi unanichukua kabla sijasema neno, navuka kizingiti cha chumba changu na ng'ambo yake si baraza tena, ni barabara, inakwenda na kurudi ilikotoka, na kifuani sina mtoto. Namsikia tu, analia mbele, nafuata kilio, nafika mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo mimi huyo nimepakata kanga tupu. Mlangoni amekaa mwanamke asiye na uso, anasuka ukili. Shikamoo bibi, nimepotelewa na mtoto. Marahaba, wewe mama nani? Mama wa... naanza, na jina halipo. Anasema, asiye mama wa mtu hapotelewi na mtu, pita. Napita, barabara inajikunja, nakuta mlango uleule, mwanamke yuleyule, ukili umerefuka. Bibi, mwanangu yuko wapi? Yuko nyumba isiyo na mlango mpaka ipigwe hodi. Nitapigaje hodi pasipo mlango? Kwa kinywa, binti yangu, kwani mikono ndiyo iliyokushinda?

Ndani ya vioo wanapita wanawake, huyu anaita Mwantumu, yule Mwanatumu, mwingine Tumy, na kila mtoto anamkimbilia mama yake akicheka, hakuna anayeuliza linaandikwaje. Wangu peke yake haitwi. Kilio chake kinapungua, si kwa kushiba, ni kwa kuchoka, kinakuwa chembamba kama uzi, na najua ukikatika ndiyo basi, simpati tena. Nawaza, wifi atanicheka. Nawaza, mume atanuna. Halafu sauti inanitoka yenyewe, Mwantumu! Mwantumu wangu, njoo kwa mama! Kioo kinafunguka kama mlango na huyu hapa mikononi, ana joto, ananuka maziwa. Mwanamke anainua kichwa, na pale palipokuwa patupu naona uso wa mwanangu, umezeeka, unatabasamu bila jino hata moja. Umekawia, anamwambia mtoto, karibu mama.

Naamka. Mtoto ananyonya, machozi yamemkauka mashavuni. Barazani kumetulia. Nataka kutoka niwaambie jina nimeshalichagua, lakini nyuma ya pazia wifi Saumu anatangulia, Mama Mwantumu, umeamka? Uji wako unapoa. Nami sijamwambia mtu. Naogopa kulifunua pazia, nisije nikaikuta ile barabara. Mtoto anaachia ziwa, anageuza kichwa kule jina lilikotoka, anangoja. Basi naitika, abee.