Wino Uliokataa Kusimama

Kitu cha kwanza Habibo alichoona ni herufi ya alifu ikiota mkia. Mtoto alikuwa ameichora wima kama fimbo ya mchungaji, na kabla hajainua kijiti chake wino ukaanza kuteleza, polepole, mpaka ukingo wa chini wa ubao wake.

"Alifu amekuwa ng'ombe!" watoto walipiga kelele, na duksi nzima, chuo kidogo cha Kurani pale Burat, ikaangua kicheko.

Maalim Abass hakucheka. Alimgeukia Habibo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Binti yangu, huu wino ni maji. Mwambie nyanya yako apumzike sasa. Kesho ukija hivi tena, nitanunua wa chupa mjini."

Habibo akainamisha kichwa. Nyanya yake, Akko Tuye, ndiye aliyetengeneza wino wa duksi miaka yote: masizi ya sufuria, gundi ya mgunga, maji. Kazi ya Habibo ilikuwa kuuleta. Shule aliiacha darasa la nne, mbuzi walipokosa wa kuwachunga. Tangu hapo, kile kikopo cha wino ndicho kilichompa ruhusa ya kusimama mlangoni asubuhi, akisikiliza herufi zikiitwa. Wino wa chupa haungehitaji mtu wa kuuleta.

Nyumbani Akko alikoroga, akainua kijiti. Wino ukadondoka kama chai.

"Gundi ni ile ile inayotoka Korbesa," alisema. "Hata nimeongeza. Labda ni hii mikono imezeeka."

"Mikono haina shida, Akko." Aliyesema ni Fathia, binti wa jirani, aliyekuwa likizo kutoka chuo anakosomea kemia. Alionja maji ya mtungi, akakunja uso. "Wallahi, mnapika supu! Haya ni ya kisima kipya?"

"Ndiyo," Akko akajibu. "Bomba liko karibu."

"Basi ni chumvi. Sikiza, Akko. Gundi ndani ya maji ni nyuzi ndogo zisizoonekana. Kila uzi umebeba umeme kidogo, wa aina moja mwili mzima, kwa hivyo sehemu zake zinasukumana. Uzi unajinyoosha, unajaza nafasi, na maji yanakuwa mazito. Chumvi nayo ina umeme wake. Ikiingia katikati inazima kule kusukumana. Uzi unajikunja, unalala."

"Kama wake wenza," Akko akasema. "Wakinuniana, boma zima limejaa."

"Hapo sasa! Na chumvi ndiyo shangazi anayekuja kuwatuliza."

Akko alicheka mpaka akakohoa.

Mchana, jua lilipowalaza hata kuku, Habibo alijilaza kivulini na kufumba macho. Aliziona zile nyuzi. Zilisimama ndani ya maji meusi kama wasichana wenye shela ndefu, mikono wameitandaza, kila mmoja akimwambia mwenzake: sogea, sogea kidogo. Hakuna aliyeanguka. Maji yote yalikuwa yamewaegemea. Kisha chembe nyeupe zikaja kimya kimya, zikaketi kati yao, nao wakaishusha mikono, wakajikunyata, wakawa wadogo. Habibo alitaka kuwaita wasimame. Sauti haikutoka, kama siku zote.

Alipoamka alichukua ndoo, akaenda kuomba maji ya mvua kwenye tangi la kina Fathia. Akko akapika upya, na safari hii kijiti kilipoinuliwa, wino ulining'inia kama asali, ukakawia kuachia.

Asubuhi Maalim Abass aliuchovya mwenyewe. Akaandika mstari mzima, akausimamisha ubao, akangoja. Herufi zilikaa palepale zilipowekwa.

"Mashallah," alisema. "Mwambie Tuye asiache. Wewe utaendelea kutuletea."

Habibo alipaswa kuitikia na kurudi mlangoni. Hakurudi. Alivuka kizingiti, akaingia ndani.

"Maalim," alisema, "mimi pia nataka ubao."