Wimbo wa Suruali

Kiwanda cha mafuta ya nazi cha akina Akbar kilipofungwa, popo walihamia kabla wafanyakazi hawajamaliza kutoka. Wakaishi humo Kilindoni kwa raha zao miaka ishirini na saba, mpaka Samina, binti wa Akbar, alipokuja na funguo, ufagio na vibarua sita.

Watu walidhani atabomoa. Samina hakubomoa. Alikaa wiki tatu na Apolonia, afisa maendeleo ya jamii, mwanamke wa Bukoba mwenye kucheka kwa sauti, wakapanga kila kona. Banda la kukaushia mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, likawa la mafundi: seremala, cherehani, wasuka mikeka. Kwenye tanuri za zamani wakaingia mama lishe. Ofisi za ghorofani zikawa vyumba vya kupanga, na Apolonia akawahi chenye dirisha la baharini. Ukumbi wa mashine, mkubwa kuliko yote, wakauacha wazi kwa ngoma, maulidi na harusi.

Vyumba vilijaa ndani ya mwezi mmoja. Ukumbi ulibaki mtupu.

"Tunahitaji siku ya kufungulia," alisema Apolonia. "Na waimbaji. Kila ninayemuuliza ananitajia mtu mmoja tu, Bimkubwa wa Baleni."

Samina akaenda Baleni. Alimkuta Bimkubwa barazani anasuka ukili wa mikeka, bibi wa miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka kama mnazi mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe binti wa Akbar. Pua hiyo haijifichi."

Samina akaeleza shida yake. Bimkubwa alisikiliza mpaka mwisho, vidole havikusimama.

"Ukumbi naujua. Nimefua nazi pale, kuzitoa makumbi, miaka minane. Lakini mguu wangu hauingii."

"Kwa nini, bibi?"

"Muulize baba yako. Alinifukuza mbele za watu. Akitaka nirudi, aje anirudishe mbele za watu."

Jioni ile Samina alimuuliza. Mzee Akbar, miaka themanini na minne, aliweka kikombe chini taratibu.

"Aliniimba," alisema.

"Alikuimba vipi?"

"Wanawake walikuwa wakiimba kazini. Siku moja nikasikia wimbo ni wangu. Kiwanda kizima kinacheka, mpaka fundi wa mashine. Nilikuwa bosi, nikaona aibu. Nikamfukuza. Hakuwa na kosa lingine. Mfanyakazi kama yule sikumpata tena."

Asubuhi yake alivaa kofia, akapanda bajaji na binti yake. Habari ziliwatangulia; walipofika Baleni, baraza la Bimkubwa lilikuwa na majirani kama wako msibani, ila wanatabasamu.

"Umefuata nini, Bwana Akbar?"

"Nimekuja kukurudisha kazini."

"Umechelewa miaka arobaini."

"Barabara ilikuwa mbovu."

Majirani wakaangua kicheko. Bimkubwa akajikaza, mdomo ukimcheza. Lakini Akbar hakucheka. Alivua kofia.

"Bimkubwa, nilikukosea. Ulikuwa na watoto wadogo na mimi nilijua. Nisamehe."

Bimkubwa aliuweka ukili kando.

"Wale watoto walikula muhogo mwaka mzima," alisema. "Wamekua, alhamdulillahi. Nimekusamehe. Ila tukija, tutafungua na wimbo ule ule. Na wewe utakaa mbele."

"Nitakaa."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Wanawake kumi na wawili wa Baleni waliingia na khanga za sare, wengine waliwahi kufanya kazi mle mle. Bimkubwa alisimama mlangoni kitambo, akiangalia dari, kisha akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Akaanza peke yake:

*Suruali ya bwana
yapita kitovuni,
akipigapo chafya
yafika kidevuni!*

Wenzake wakapokea. Ukumbi haukujua ucheke au unyamaze. Macho yote yalikuwa kwa mzee aliye mstari wa mbele. Samina alijishika shavu. Ubeti wa pili ukapita, wakarukia kiitikio, na Akbar akanyanyua fimbo juu.

"Simameni! Mmeruka ubeti wa tatu."

Bimkubwa akamtazama. "Wa tatu nimeusahau."

"Mimi sijausahau." Na kwa sauti yake ya mikwaruzo, mzee akauimba wote, ule wa mkanda uliokata tamaa ukahamia kwapani. Paa nusura ling'oke kwa vigelegele. Apolonia alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Wakirudi nyumbani, Samina alimuuliza baba yake imekuwaje akaukumbuka wimbo muda wote huo.

"Nilipomfukuza, hakuna aliyeimba tena," alisema Akbar. "Kazi ikawa nzito. Nikawa nauimba mwenyewe ofisini, mlango nimefunga."

Jumatatu, kabla Samina hajafungua lango, Bimkubwa alikuwa keshafika na mafungu matatu ya ukili kichwani. Alitaka nafasi kwenye banda la mafundi, karibu na mlango, penye mwanga. Fundi cherehani alisema pale ni pake.

"Wewe umekuja mwezi uliopita," Bimkubwa akamwambia, akitua mzigo. "Sogea, mwanangu, tutaenea."

Fundi akasogea.