Kesi ya Celestine

Mimi nilisema kesi. Ukikutana na Masese pale stendi ya bodaboda Kebirigo akuambie eti nilisema gesi, mwambie Mose Nyamweya amesema aende akasafishe masikio. Nilitamka kesi, kwa K ya Kebirigo, na ningekuwa mtu wa kuapa ningeapa.

Lakini nianze mwanzo, maana watu wameisimulia hadithi hii kwa chumvi nyingi mpaka hailiki.

Binti yangu Celestine huchora majengo kwa kompyuta. Hoteli haijajengwa, hata msingi haujachimbwa, yeye anakuonyesha vyumba vyake, mapazia, mpaka jua linavyopiga kwenye vigae. Mwezi wa tisa akapata kazi katika kampuni moja ya Mombasa. Wakamwambia, ukiwa na mashine ya kupita mtihani wetu, fanya kazi ukiwa nyumbani kwenu. Usipokuwa nayo, Jumatatu ya baada ya mtihani uwe hapa ofisini. Mwisho wa mtihani ni Ijumaa baada ya wiki mbili, saa kumi na moja jioni.

Mombasa! Nchi nzima unaivuka. Mama yake, Bathsheba, tulimzika mwaka juzi, na tangu siku ile nyumba yangu ina watu wawili, mimi na Celestine. Akienda, mimi nitapika ugali wa nani? Nikamwambia palepale mezani, "Hiyo mashine tutaiunda. Hakuna mtu anaenda popote." Akajibu, "Sawa, Tata." Sisi Wakisii baba ndiye tata. Alisema sawa, nami nikasikia sawa, nikaendelea kula.

Bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia, kwa hiyo hilo halikunitia tumbojoto. Kilichonitia tumbojoto ni ujinga wangu. Nikaanza kusoma. Wiki mbili nzima nilitazama video za kompyuta mpaka simu ikachemka mkononi. Nilizitazama shambani nikichuma chai, nilizitazama nikikama ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe nadhani sasa anaweza kuunganisha kompyuta.

Alhamisi tukaenda mjini Kisii, kwa Beverlyne. Duka lake liko ghorofa ya kwanza ya jengo fulani la buluu. Ni mwanamke wa maneno machache, kucha zake fupi za mtu wa kazi, na vitu vyake vimepangwa vizuri ndani ya kabati za kioo. Akatuuliza tunataka mashine ya nini. Celestine akafungua mdomo, mimi nikawa nimeshajibu. "Ya kuchora hoteli. Isiwe ya mchezo."

Tukaanza na prosesa, ile inayofanya kufikiri. Celestine akaonyesha moja yenye viini sita.

"Na ile ya viini kumi na sita?" nikauliza.

"Ni vingi mno, Tata. Sita vinatosha."

"Vinamtosha nani? Hoteli ina vyumba mia mbili, wewe unataka kuijenga na watu sita?"

Beverlyne akaangalia kando ili asicheke. Tukachukua ya kumi na sita. Tukaja kwenye ramu, vile vijiti vya kushikilia kazi wakati mashine inafikiri. Celestine akasema kijiti kimoja kinatosha. Nikamwambia hata mtoto wa jana anajua ramu huenda mbili mbili, nilikuwa nimeiona kwenye video. Kadi ya picha tuliichagua bila ugomvi. Kampuni ndiyo iliyoitaja jina, dude la feni tatu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko.

Sasa pawasaplai, ambayo ndiyo hulisha mashine yote stima. Celestine akaleta moja. Nikaipokea, nikaipima kwa mkono.

"Rudisha."

"Lakini Tata, imeandikwa wati za kutosha."

"Imeandikwa! Karatasi huandikwa chochote." Nimepeleka majani kwenye kituo cha kununulia miaka thelathini. Karani akitaja kilo za gunia langu, mimi huwa nimeshazijua tangu mgongoni, na hajawahi kunishinda. Ile pawasaplai ilikuwa ganda tupu. Nikainua nyingine, nikainua ya tatu, na ya nne ikauvuta mkono chini vizuri. "Hii ina mtu ndani."

Beverlyne akanitazama kwa mara ya kwanza kama mteja wa maana. "Nani amekufundisha, Mzee? Zile nyepesi wamepunguza shaba ndani. Kadi hii ikianza kazi ngumu, dakika kumi tu, inazima."

Celestine alikuwa akitazama sakafu. Nikamsifu moyoni, nikasema mtoto huyu ana huruma na mfuko wa baba yake.

Ikabaki kesi, yaani sanduku la kuvalisha hivyo vyote. Zilizokuwa dukani zilikuwa fupi, kadi isingeingia. Beverlyne akasema kubwa inafika kesho asubuhi, nimtume mtu. Tukarudi Kebirigo na maboksi yetu, na jioni nikampigia Masese, ambaye kila Ijumaa hupeleka mizigo Kisii kwa pikipiki. Nikamwambia, "Kesho uniletee kesi. Ile kubwa. Jengo la buluu, sema ni ya Mose." Akasema, "Sawa, Omogaka." Omogaka kwetu ni mzee wa heshima; Masese ni mtu mwenye adabu, hilo simnyimi.

Ijumaa, saa tisa alasiri, Masese akaingia uani. Nyuma ya pikipiki amefunga mtungi wa gesi wa kilo kumi na tatu, ameuviringishia blanketi usikwaruzike.

"Masese. Hii ni nini?"

"Gesi, Omogaka."

"Mimi niliagiza kesi!"

"Ndiyo. Gesi."

"Kesi!"

"Si ndiyo hii? Gesi kubwa!"

Tungebishana hivyo mpaka Sabato itukute. Unajua ulimi wetu. Kitabu kwetu ni egetabo, kikombe ni egekombe, K inageuka G yenyewe bila kuomba ruhusa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituchapa kwa ajili hiyo mpaka akachoka akahama. Sasa, jengo lile la buluu, chini kabisa, kuna muuza gesi anayenijua miaka na miaka. Kusikia ni ya Mose, akatoa mtungi bila swali. Na kana kwamba hayo hayatoshi, jirani yangu Cleophas, aliyenisikia nikipiga kelele kesi, kesi, akaja mbio kwenye ua kuuliza nani amenishtaki, na kama ni mambo ya mpaka wa shamba yeye hahusiki.

Nikawafukuza wote wawili. Saa tisa na robo. Beverlyne ni Msabato kama sisi, Ijumaa hufunga duka saa nane. Hata pikipiki ingeruka, kesi haingepatikana.

Celestine akatoka mlangoni, akautazama mtungi, akanitazama mimi. "Basi, Tata," akasema. "Bila kesi haiwaki. Tumejaribu." Aliyasema haraka haraka, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia.

Mimi sikubali kushindwa upesi hivyo. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikampigia Beverlyne. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, kesi ni nyumba tu! Mashine inawaka hata bila nyumba. Weka madabodi, ule ubao wa kuunganishia kila kitu, juu ya boksi lake la karatasi, unganisha kila kitu, kisha uguse vile vipini viwili vya kuwashia kwa bisibisi. Mwambie Celestine. Yeye anajua, aliniambia hapa dukani kwamba chuoni walikuwa wakiwasha hivyo kila siku."

Nikamshukuru, nikakata simu. Nikabaki nimesimama pale kwenye migomba. Anajua. Kama anajua, mbona ameniambia haiwaki? Ndipo mambo yakanijia moja moja. Viini sita. Kijiti kimoja cha ramu. Pawasaplai ya kuzima baada ya dakika kumi. Haikuwa huruma na mfuko wangu. Mtoto wangu alikuwa akichagua mashine ya kuanguka mtihani.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nikashika njia ya kwenda kumfokea, wiki mbili zangu, macho yangu, bonasi yangu! Nilipofika dirishani nikamsikia. Anaosha vyombo na anaimba. Si wimbo wa kanisani, ni vijiwimbo vyake vya zamani visivyo na maneno. Tangu tumzike Bathsheba sikuwa nimemsikia akiimba nyumbani mwangu, na sasa anaimba kwa sababu ninaachwa. Iliniuma, jamani. Iliniuma kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuniuma tena.

Nikakaa juu ya ule mtungi wa gesi mpaka hasira ikashuka. Kisha nikaingia sebuleni, nikaweka boksi la karatasi mezani, madabodi juu yake, nikaanza kuunganisha. Prosesa, ramu, kadi, waya za pawasaplai, yote nilikuwa nayajua. Celestine akaja akijipangusa mikono. Akaona ninachofanya, wimbo ukakatika.

"Beverlyne ameniambia," nikasema. Nikainua bisibisi. "Vipini vya kuwashia ni vipi?"

Akaendelea kujipangusa mikono iliyokwisha kukauka.

"Celestine, unataka kwenda Mombasa?"

"Tata, mtihani..."

"Sijakuuliza mtihani."

Machozi yakamtoka. "Nataka," akasema. "Nataka sana. Nataka kukaa meza moja na watu wanaochora kunishinda, wanikosoe, nibishane nao. Hapa nachora peke yangu, hakuna hata wa kuniambia nimekosea. Lakini siku ya mazishi ulinishika mkono ukasema umebaki na mimi tu. Sasa ningekuambiaje?"

"Ungeniambia hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Ungepiga kelele."

"Ningepiga. Kisha ningenyamaza." Sauti yangu haikuwa nzuri sana. "Kwa hiyo ukaona mashine ndiyo ikuombee ruhusa?"

Akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Na mimi, mtu niliyejiona mjanja wa kupima kilo kwa mkono, nikaona nilivyomlemea mtoto huyu miaka miwili bila kujua uzito wenyewe.

"Sikia," nikamwambia. "Hutaenda Mombasa kwa sababu Masese ameleta gesi. Hutaenda kwa sababu ya mashine mbovu. Ukienda hivyo utaenda umeinamisha kichwa, na mimi sikuzaa mtu wa kuinamisha kichwa. Tunaiwasha. Ikipita, utachagua mwenyewe, na nitasikiliza."

Akanionyesha vipini. Nikavigusa kwa bisibisi. Feni tatu zikazunguka, taa zikawaka, mashine ikanguruma mezani petu uchi kabisa. Hata Celestine alipiga kofi! Akaunganisha skrini yake ya zamani, akaanzisha mtihani. Dakika arobaini tulikaa bega kwa bega tukitazama jengo likijichora, ghorofa juu ya ghorofa, na yeye akinieleza kwa nini kivuli hiki ni kigumu na kile ni rahisi. Sikuwahi kumuuliza mambo hayo. Nilikuwa nimesoma kila kiungo cha mashine, lakini kazi yake mwenyewe sikuijua.

Saa kumi na moja kasorobo ikaandika amepita, tena kwa alama za juu. Chini yake pakawa na swali, utafanyia kazi wapi, nyumbani au ofisini. Celestine akanigeukia.

"Usinitazame mimi," nikasema. "Sikuandikwa kazi."

Akabofya ofisini. Tukaizima mashine kabla jua halijazama, tukaipokea Sabato kwa chai na mandazi, na usiku ule tuliongea kuhusu Bathsheba kwa mara ya kwanza bila mmoja wetu kuondoka mezani.

Jumapili asubuhi nikamsaidia kufunga mizigo. Nguo zilikwisha haraka. Alipofika kwenye mashine akasita.

"Hii ibaki, Tata. Wao wana zao ofisini. Nikija likizo nitaitumia."

"Hapana. Ibebe."

"Kwani itakusumbua nini hapa?"

"Itanisumbua, ndiyo. Ukiiacha nitakuwa naipangusa vumbi kila asubuhi nikikungoja. Na wewe kule utajua unangojwa, mkono utakuwa mzito, hutachora kitu. Ibebe, Celestine. Mimi nitakupenda tu bila kukungoja, nitajifunza."

Akanikumbatia, na mimi nikalia mbele yake, mtu mzima, saa tatu asubuhi, bila hata kugeuza uso. Kisha nikachukua kadi ya picha nikairudisha kwenye boksi lake, nikaandika Celestine juu kwa herufi kubwa.